Half-Life 2 Haikumpa Mchezaji Uhuru

Novemba 2024 gemu ya Half-Life 2 ilitimiza miaka 20. Valve, kampuni ya Marekani iliyoitengeneza, iliigawa bure kwa siku chache, ikairekebisha hapa na pale, ikatoa na filamu ndefu ambamo waliohusika wanasimulia jinsi ilivyozaliwa. Sifa zikamwagika upya, na karibu zote zilirudia jambo lile lile lililosemwa mwaka 2004: kwamba hii ndiyo gemu iliyompa mchezaji uhuru, iliyomwacha aishi ndani ya hadithi badala ya kukalishwa kitako na kusimuliwa. Vijana wetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaojifunza kutengeneza gemu nao wanaupokea msimamo huo kama somo la kwanza. Wanaambiwa wakaicheze, waone hadithi inavyoweza kusimuliwa bila mchezaji kunyang'anywa usukani.

Mimi nasema usukani huo haukuwahi kuwa mikononi mwa mchezaji. Half-Life 2 ni gemu ya utii tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na utii wenyewe ulianza kabla hata haijawashwa, pale mnunuzi alipotakiwa kuomba ruhusa ya kufungua kitu alichokwisha kukilipia.

Wanachosema watetezi

Ni haki hoja zao ziwekwe mezani kwanza, kwa nguvu zake zote. Mchezaji anaingia katika mwili wa Gordon Freeman, mwanafizikia anayeshtukia yuko ndani ya treni inayoingia City 17, mji wa Ulaya ya Mashariki ulio chini ya Combine, dola ya kutoka anga za mbali iliyoishinda dunia kwa vita vya saa saba. Anayetawala kwa niaba yao ni binadamu, Dakta Wallace Breen, ambaye ndiye aliyepatana nao masharti ya kusalimu amri. Freeman anaungana na Eli Vance, mwanasayansi mwenzake wa zamani, pamoja na Alyx, binti wa Eli, na kwa sura 14 anapigana kuanzia kwenye mifereji ya mji hadi juu ya Citadel, mnara wa Combine.

Katika safari yote hiyo, watetezi wanasema, hatutoki machoni mwa Freeman. Gemu nyingi za wakati ule zilikatiza mchezo na kuonyesha vipande vya sinema. Hii haikufanya hivyo. Freeman pia hasemi neno, ili mchezaji aujaze ukimya huo kwa nafsi yake. Vitu vina uzito na mwendo wa kweli, kwa sababu Valve ilitumia programu ya fizikia ya Havok: pipa linaelea, tofali linadondoka, ubao unavunjika. Mji nao unasimulia wenyewe kwa kuta na vichochoro vyake, kazi iliyoongozwa na Viktor Antonov, mzaliwa wa Sofia, aliyeijua miji ya aina hiyo tangu utoto. Na mwisho kabisa, gemu hii ndiyo iliyoisambaza Steam, duka ambalo kwa maelezo yao liliokoa gemu za kompyuta.

Kila moja ya hoja hizi ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana zimedumu. Lakini zikifuatwa hadi mwisho wake, hazifiki pale zinapodai kufika.

Kwanza: chumba kilichofungwa

Kubaki machoni mwa mhusika ni mbinu ya picha. Uhuru ni uwezo wa kutenda jambo na mambo yakabadilika kwa sababu umelitenda. Hivi ni vitu viwili, na sifa za Half-Life 2 zimesimama juu ya kuvichanganya.

Chukua maabara ya Dakta Kleiner, mwanasayansi mwingine wa upande wa waasi, mapema kabisa katika gemu. Unaingia, na njia uliyojia inafungwa. Kleiner, Alyx na Barney, rafiki wa zamani wa Freeman, wanazungumza kwa kirefu kuhusu mtambo wa kumhamisha mtu kutoka mahali hadi mahali kwa kufumba na kufumbua. Wakati huo unaweza kuzunguka chumba, kurukaruka, kuwapa mgongo, kuokota kitu mezani na kukitupa ukutani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloelekeza mambo kwingine. Maongezi yanasimama kukusubiri pale tu unapotakiwa kuirudisha plagi iliyochomoka au kuwasha swichi. Barney mwenyewe anakutania kwamba elimu yako ya MIT imekufaa sana, na utani wake ni wa kweli kuliko waandishi walivyodhani: shujaa wa kisayansi amekabidhiwa kazi ya kubonyeza.

Tena kipande cha sinema katika gemu nyingine, mchezaji akishakiona mara moja, mara nyingi anakiruka kwa kitufe. Maabara ya Kleiner hairukwi. Unayeicheza gemu kwa mara ya pili utasimama pale pale, usikilize yale yale, hadi mlango ufunguliwe. Sura za mwisho zinafanya jambo hili waziwazi zaidi: Freeman anaingizwa ndani ya kizimba cha chuma kinachosafiri kwenye reli, amebanwa, anapelekwa hadi ofisini kwa Breen, na huko anahutubiwa. Bado tuko machoni mwake, naam. Mfungwa naye hutazama kwa macho yake mwenyewe.

Kuna tukio moja linalotajwa sana kama ushahidi wa uhuru. Kwenye stesheni ya treni, askari wa Combine anaangusha kopo la soda kwa makusudi na kukuamuru uliokote ulitie kwenye pipa la taka. Ukitii, anacheka na kukupisha. Ukimtupia kopo lile usoni, anakukimbiza kwa kirungu. Ni tukio zuri. Kwa sekunde chache unyonge wa kutawaliwa unauhisi mkononi mwako, na unaamua mwenyewe utaupokea vipi. Swali langu ni kwa nini, baada ya hapo, gemu nzima haina tukio lingine la namna hiyo lenye uzito wowote. Uasi wenyewe, ule wa kuikomboa dunia, hauulizwi kamwe. Kukataa kwa mchezaji kumeishia kwenye kopo.

Watetezi hujibu kwamba teknolojia ya wakati ule haikuruhusu zaidi. Si kweli. Deus Ex, gemu ya bunilizi ya kisayansi inayochezwa pia kwa macho ya mhusika, ilitoka mwaka 2000, miaka minne kabla. Humo askari wa serikali wanavamia chumba cha hoteli alimo kaka yako Paul. Anakuambia utorokee dirishani. Ukimtii, anakufa. Ukibaki ukapigana, anaweza kupona, na hadithi inaendelea akiwa hai. Hakuna maandishi yanayokujulisha kwamba hapo pana chaguo. Unatenda, na dunia ya gemu inakujibu. Hicho ndicho kipimo, na kilikuwapo tayari.

Hata Half-Life ya kwanza, ya mwaka 1998, ilikuacha mwishoni na hatua moja ya kuamua: uingie kazini kwa G-Man, yule bwana wa suti na mkoba, au ukatae na ufe. Gemu ya pili iliiondoa hata hatua hiyo. G-Man anausimamisha wakati, anakuchomoa katikati ya mlipuko, na anakuambia kinagaubaga kwamba safari hii hakuletei chaguo lolote.

Hapo watetezi huleta jibu lao gumu zaidi. Wanasema gemu inajijua: kwamba kumfanya mtu aitwaye Freeman kuwa chombo cha bwana asiyeonekana ndiyo maana yenyewe ya hadithi. Nimelipima jibu hilo kwa uzito wake, na bado halinitoshi. Wazo linalotajwa na mhusika mmoja mwanzoni na mwishoni, huku saa zote za katikati zikimsifu mchezaji kama mkombozi, halijafanyiwa kazi. BioShock ya 2007 ilifanya kazi hiyo: iliugeuza utii wa mchezaji kuwa jeraha la hadithi, ikamlazimisha autazame. Na mwaka 2011 Davey Wreden alichukua mitambo ya Half-Life 2 hii hii akajengea The Stanley Parable, ambamo sauti inakuelekeza upite mlango huu, nawe unaweza kupita ule mwingine, na kila kukaidi kunazaa jambo jipya. Malighafi ilikuwa ile ile. Valve yenyewe ndiyo iliyoamua kutoitumia hivyo.

Pili: ukimya wa Freeman

Hili halihitaji maneno mengi. Ukimya ungekuwa nafasi ya mchezaji kama angeweza kuujaza kwa kitu ambacho wengine wanakisikia. Freeman haulizi, hakatai, haombi maelezo. Matokeo yake kila mtu anaongea kuelekea kwake, na kwa kuwa hawana la kumjibu, wanabaki kumsifu. Alyx Vance, mhusika aliyechorwa kwa uangalifu kuliko wote, anatumia sehemu kubwa ya maneno yake kushangaa jinsi Freeman alivyo hodari. Eli alipewa sauti na marehemu Robert Guillaume, yule yule tuliyemsikia akiwa Rafiki katika The Lion King ya 1994, sauti yenye busara na machungu ndani yake, na waandishi wameitumia zaidi kumkaribisha mgeni na kumpongeza.

Hasara ya ukimya huu inaonekana penye jambo zito kuliko yote katika hadithi. Combine wamewasha kinga inayozuia binadamu kuzaa. Breen analitetea jambo hilo kwenye skrini za mji kwa lugha ya kistaarabu. Mapema katika mitaa ya City 17 kuna uwanja wa michezo ya watoto, na hakuna mtoto. Watetezi huusimulia uwanja huo kwa mahaba, kwamba gemu inakuachia uelewe mwenyewe. Sawa, umeelewa. Halafu? Huwezi kumsogelea mwanamke aliyekaa gizani kwenye jengo la jirani ukamuuliza amepoteza nini. Huwezi kumuuliza Eli ilikuwaje kumlea binti wa mwisho mwisho kuzaliwa duniani. Kizazi kizima kimefutwa na gemu inalipita jambo hilo kama pambo la barabarani, kwa sababu mtu pekee tunayeweza kulitazama kupitia kwake amenyimwa kinywa.

Tatu: tofali na ubao

Kwenye mifereji ya City 17 kuna ubao mrefu uliolala juu ya kiegemeo, na kando yake kuna matofali. Ukiyapanga matofali upande mmoja, upande wa pili unainuka, unapanda juu. Mbele kidogo kuna mapipa matupu; ukiyaingiza chini ya jukwaa lililomo majini, linaelea, unapita. Kila aliyecheza anayakumbuka mafumbo haya, na ndiyo yanayotolewa kama mfano wa dunia inayotii kanuni za fizikia.

Tazama kwa makini kilichotokea lakini. Matofali yamewekwa pale kwa ajili ya ubao ule, na ubao kwa ajili ya ukingo ule. Fizikia imekuwa funguo, na kila funguo ina kufuli moja. Huwezi kuutoboa ukuta ulio kando, hata ukiwa na roketi. Red Faction, gemu nyingine ya bunilizi ya kisayansi inayohusu uasi wa wachimba madini huko Mars, ilimruhusu mchezaji kulipua miamba na kuta akatengeneza njia yake, na ilitoka mwaka 2001. Ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilijua kwamba mwasi ni mtu anayepita mahali ambapo hakuchorewa mlango.

Bunduki ya mvutano ndiyo fahari kubwa. Inavuta kitu, inakishika, inakirusha. Wanakupa ukiwa Black Mesa East, maabara ya Eli, kisha wanakupeleka Ravenholm, kijiji kilichojaa maiti wanaotembea, ambako misumeno ya duara na mitungi ya gesi imetapakaa kila kona ili bunduki ipate kazi. Ukishatoka Ravenholm, misumeno inaadimika, na kwa sura nyingi zinazofuata mchezaji anarudi kwenye bunduki za kawaida anazozijua kutoka gemu nyingine mia. Mwishoni, ndani ya Citadel, silaha zote zinachukuliwa na bunduki ya mvutano inapewa nguvu mpya za kuinua askari wazima na kuwabamiza. Inafurahisha kwa muda mfupi. Lakini kwa wakati huo hakuna adui anayeweza kukutisha, na vita vya mwisho vya ukombozi wa dunia vinakuwa vyepesi kuliko mapigano ya pale kwenye mifereji. Chombo kilichosifiwa kama mapinduzi kilipewa sura moja ya heshima mwanzoni na maonyesho ya nguvu mwishoni; katikati kilibaki mzigoni.

Nne: watu wanaokombolewa

Hapa ndipo ugomvi wangu na gemu hii ulipo hasa, na hapa ndipo naona watetezi wamenyamaza zaidi.

Hadithi ya Half-Life 2 ni hadithi ya ukoloni. Dola imekuja, imewaondoa watu makwao, imewapanga katika miji yenye namba, imewapa mgao wa chakula na sare za rangi moja, imeweka mtawala mwenyeji wa kuwahubiria shukrani, na inanyonya mali ya dunia hadi bahari yenyewe imepungua. Kwenye sura za barabara ya pwani unaona gati zilizobaki juu kavu na vyombo vilivyolala mchangani mbali na maji. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Kilwa hahitaji kuelezwa mji wa pwani unakuwa nini bahari ikiondoka. Historia yetu yote imekuja na kuondoka kwa njia hiyo ya maji.

Sasa angalia mchezaji anafanya nini huko. Anaendesha gari dogo kwa kasi, anasimama penye nyumba, anaingia, anavunja makasha kwa mtaimbo, anachukua risasi na dawa, anaondoka. Nyumba inayofuata, vivyo hivyo. Nani aliishi humo, alivua nini, alikwenda wapi, hakuna anayekuambia. Pwani nzima imegeuzwa stoo.

Na wenyeji wako wapi? Maandishi ya ukutani ni ya Kisirili, majengo ni ya Sofia na Belgrade, lakini wanaoongoza uasi ni wanasayansi wa Kimarekani waliohamia na maabara zao. Mtu pekee mwenye lafudhi na utu wa mahali pale ni Padri Grigori wa Ravenholm, na yeye amechorwa kama kichaa mwenye bunduki anayecheka peke yake. Mji ulikopwa, watu wake wakaachwa. Nayasema haya nikijua kwamba Antonov aliuchora kwa mapenzi, na mapenzi yake yanaonekana katika kila ukuta. Waliompa hadithi ya kuweka ndani ya kuta hizo ndio walioshindwa.

Kisha linakuja jambo la wadudu. Kuelekea gereza la Nova Prospekt, Vortigaunt, kiumbe wa kabila lililokuwa la watumwa katika gemu ya kwanza, anakukamulia tezi ya mdudu mkubwa wa mchangani. Ukiitupa mbele, wadudu wanaojulikana kama antlion wanakimbilia pale na kumshambulia aliyepo. Wanakufa, wanaibuka wengine ardhini. Unatupa tena. Wanakufa tena. Kwa sura nzima unavamia gereza kwa miili yao na hakuna hesabu ya waliokufa.

Baada ya gereza unarudi City 17, na sasa raia wameasi. Wanakufuata kwa vikundi. Unabonyeza kitufe, wanakimbilia pale unapoelekeza. Wanakufa, wanatokea wengine kwenye mlango unaofuata, sura zilezile zikiwa na sauti zilezile, wakikusalimu kwa furaha kana kwamba hawakuwaona wenzao sakafuni. Wanakuzibia njia kwenye korido nyembamba na kukuomba radhi. Yaani gemu inayojisifu kwa kumheshimu binadamu mbele ya dola katili imewapa waasi nafasi ile ile iliyowapa wadudu sura chache kabla. Hakuna mmoja kati yao anayekataa amri, anayesema kwamba mtaa huu anaujua kuliko wewe, anayekuomba usubiri amzike ndugu yake. Wanaitwa watu huru wanaoinuka, na kazi yao ni kukinga risasi zilizokusudiwa kwa mgeni.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu vijana wetu nao wanaandika hadithi za uvamizi. Andrew Kaggia wa Kenya alitengeneza Nairobi X, gemu ya kufyatua risasi ambamo viumbe wa anga wanaishambulia Nairobi, na wengine watafuata njia hiyo. Nchi zetu zina kumbukumbu za Majimaji na za Mau Mau, za watu waliopigana kwa majina yao, kwa viapo vyao, kwa ugomvi wao wa ndani, wakiwa na wasaliti wao na wake zao waliobeba chakula msituni usiku. Kijana atakayejifunza uasi kutoka Half-Life 2 atawaandika watu hao kama kundi linalosubiri kitufe.

Tano: hadithi iliyoachwa njiani

Nitalipita haraka kwa kuwa wengi wanalijua. Half-Life 2 haimalizi kisa chake. Valve iliahidi kukiendeleza kwa vipande vitatu vifupi. Cha kwanza kilitoka 2006, cha pili 2007 kikaishia Eli akiuawa mbele ya binti yake, cha tatu hakikutoka. Mwandishi Marc Laidlaw aliondoka Valve, na mwaka 2017 akautoa muhtasari wa kisa kilichokusudiwa, majina ya wahusika yakiwa yamebadilishwa. Half-Life: Alyx ya 2020 ilirudi kwenye kifo hicho cha Eli na kukifuta, katika gemu inayohitaji kofia ya uhalisia pepe. Katika filamu ya 2024, Gabe Newell, mkuu wa Valve, alieleza kwamba walikiacha kipande cha tatu kwa sababu hawakuona kingesukuma mbele kitu gani kipya. Walikuwa na silaha ya barafu waliyokwisha kuijaribu. Kwa hiyo silaha mpya ndiyo iliyokuwa ikibeba hadithi muda wote, na ilipokosekana yenye kutosha, wahusika waliachwa walipo. Anayesema gemu hii iliheshimu hadithi aanze kwa kulieleza hilo.

Sita: ruhusa ya kufungua

Wachambuzi wengi huiona Steam kama habari ya biashara, isiyohusu ubora wa gemu. Mimi naiona ndiyo sehemu ya Half-Life 2 iliyodumu kuliko zote.

Gemu ilipotoka 16 Novemba 2004, hata aliyenunua diski dukani hakuweza kucheza bila kufungua akaunti ya Steam na kuunganisha kompyuta yake na intaneti ili iidhinishwe. Siku ya kwanza mitambo ilizidiwa, wanunuzi wakakaa na diski mkononi wakisubiri. Hiyo ni Marekani na Ulaya. Kwa Afrika Mashariki hali ilikuwa nyingine kabisa. Mkongo wa kwanza wa nyuzi kwenye bahari yetu, SEACOM, ulianza kazi Julai 2009. Mwaka 2004 intaneti ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza, na wengi waliipata kwa dakika kwenye vibanda vya intaneti kafe, penye kompyuta ambazo si zao. Gemu isiyohitaji mtu wa pili, isiyochezwa mtandaoni, ilifungwa nyuma ya mtandao ambao huku ulikuwa bado haujafika. Aliyenunua nakala halali alikwama. Aliyenunua diski ya magendo, iliyoondolewa kufuli, alicheza. Kwa miaka mingi vijana wetu wameitwa wezi wa gemu, na wanaowaita hivyo hawasemi kwamba mlango wa haki ulikuwa umefungwa kwa upande wao.

Tunaambiwa yote yalikuwa ya mpito, na leo Steam ni rafiki wa mnunuzi. Urafiki huo una kumbukumbu zake. Utaratibu wa wazi wa kurudishiwa pesa ulikuja Juni 2015, karibu miaka 12 tangu duka lifunguliwe. Nchini Australia mahakama iliitoza Valve faini ya dola milioni 3 za huko mwaka 2016 kwa kuwaambia wanunuzi kwamba hawana haki ambazo sheria ya nchi yao iliwapa. Nchini Ufaransa chama cha watumiaji, UFC-Que Choisir, kilishinda mahakamani Paris mwaka 2019, mahakama ikisema mnunuzi anaruhusiwa kuiuza gemu aliyoinunua; Valve ikakata rufaa, na mwaka 2022 uamuzi ukapinduliwa. Oktoba 2024, baada ya California kupitisha sheria inayotaka mnunuzi wa bidhaa za kidijitali aambiwe ukweli, Steam ilianza kuonyesha penye malipo maelezo kwamba unachonunua ni leseni. Mwezi uliofuata ndipo sherehe za miaka 20 zilipofanyika.

Diski ya zamani iliazimwa mtaani, iliuzwa, ilibadilishanwa, ilimfikia mdogo wako ulipoikinai. Huko ndiko gemu zilikojifunzwa katika nchi ambazo mshahara hautoshi kununua kila kitu kipya kwa dola. Akaunti ya Steam, kwa mkataba wake, haihamishiki kwa mtu mwingine. Hata mwenye akaunti akifariki, watoto wake hawana haki ya kuidai iwe yao. Half-Life 2 ndiyo iliyowazoeza mamilioni kuukubali utaratibu huu, kwa kuwa ilikuwa tamu ya kutosha na hapakuwa na njia nyingine halali ya kuicheza kwenye kompyuta.

Mwalimu anayempa kijana gemu hii kama somo la kwanza ampe pamoja nayo mkataba huo ausome wote. Ampe Deus Ex na The Stanley Parable azicheze wiki hiyo hiyo, kisha amtake aonyeshe kwenye Half-Life 2, nje ya lile kopo la stesheni, ni wapi mchezaji alikataa jambo na dunia ya gemu ikabadilika. Anayetaka kunipinga naye namwomba aanzie hapo hapo.